Kabla ya kughani, uliza ndoo ni ya nini

MAJUZI nilialikwa kuwa mmoja wa waamuzi katika tamasha la shule. Msichana mmoja, mwenye sauti ya kumtoa nyoka pangoni, alighani utenzi wa kale, ukumbi mzima ukampigia makofi. Baadaye nilimuuliza maana ya neno moja lililojirudia katika beti zake. Akainamisha kichwa. "Hatukuambiwa, Profesa. Tulikariri tu."

Ningemlaumuje ilhali kisa chake ni changu? Nikiwa shule ya msingi huku bara, mwanzoni mwa miaka ya 1970, nilichaguliwa kughani beti za mwanzo za Utendi wa Mwana Kupona siku ya wazazi. Mle mna neno "ndoo". Nami, mtoto niliyechota maji mtoni kila asubuhi, nilipolifikia niliinama, nikanyanyua ndoo ya hewani, nikajitwika. Watu wakafurahi. Hafla ilipokwisha, mzee mmoja wa pwani aliyekuwa akifanya biashara mjini kwetu alinijia. "Mwanangu," akasema, "hiyo ndoo ilikuwa ya nini?" Kumbe kwa Kiamu "ndoo" ni "njoo"! Mama alikuwa akimwita bintiye aje karibu amsikilize, mimi nikampelekea maji.

Kosa hilo ndilo lililonivuta kwenye historia ya namna tungo zetu zilivyosomwa mbele za watu. Mwana Kupona binti Msham alimtungia bintiye, Mwana Hashima, utendi huo mwaka 1858. Uliandikwa kwa hati za Kiarabu, kama tungo nyingine za Pate, Siyu na Lamu. Sasa, hati hizo hazikubuniwa kwa ajili ya Kiswahili. Kiarabu hakina herufi ya "p", na irabu zake fupi zina alama tatu tu ilhali sisi tuna irabu tano. Kabla ya wataalamu kuongeza alama, "pata", "bata" na hata "mbata" ziliweza kuandikwa kwa namna moja. Msomaji angejuaje kama ni ndege au ni nazi kavu? Kwa maana ya ubeti. Ilimbidi aelewe ndipo atamke, na asipoelewa alimwendea anayejua. Maandalizi ya kughani, basi, yalianza kwa kuuliza.

Kuchagua nako kulikuwa na utaratibu wake, kwani utungo ulifuata tukio. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, alitunga mashairi ya kuwaunga mkono Wamazrui dhidi ya Seyyid Said. Hayo hayakuwa mapambo ya kutolewa popote pale. Yalikuwa na mlengwa na wakati wake. Nayo yalidumu vinywani mwa watu. Ni miongo kadhaa baada ya kifo chake ndipo Mwalimu Sikujua na mmishonari W. E. Taylor walipoyakusanya, na William Hichens akayachapisha mwaka 1940. Lau waliyoyahifadhi wangebeba sauti bila maana, sidhani tungepokea kitu cha kusomeka.

Herufi za Kirumi zilirahisisha mambo, na hapo ndipo mtego ulipo. Leo hata asiyejua maana hutamka kila silabi bila kukwama. Isitoshe, Kiunguja kilipofanywa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ikaundwa mwaka 1930, sisi wa shuleni tulifunzwa lahaja moja ilhali tungo nyingi kongwe zilikuwa katika lahaja nyingine. Neno likawa linasomeka ila halieleweki. Ndivyo "ndoo" ilivyogeuka chombo.

Wapo wanaosema tuachane na tungo hizo, watoto wapewe mashairi mepesi yaishe. Mimi siafiki. Tukifanya hivyo tutakuwa tumemnyima mtoto urithi wake kwa sababu tu sisi tuliona uvivu kumfafanulia.

Hivyo, ukipewa nafasi ya kughani, jiulize kwanza: tukio ni lipi, na watakaonisikiliza ni akina nani? Ukishachagua, soma utungo kwa sauti ya kawaida siku kadhaa kabla ya kuukariri, ukipigia mstari kila neno linalokutatiza. Hata lile unalodhani unalijua, kama "ndoo", lihakikishe. Kisha tafuta mahadhi na mahali pa kuvuta pumzi. Utenzi hukupa kipande cha mizani nane. Shairi la mizani 16 hukuruhusu kutua kidogo baada ya nane za kwanza. Ishara za mikono zije mwisho kabisa, tena ikiwa maana inazihitaji.

Mzee yule hakuniacha na aibu yangu. Alinikalisha kwenye benchi, akanifafanulia ubeti baada ya ubeti, na alipokwisha ndipo akanifundisha mahadhi. Nami majuzi nilimweleza msichana yule neno lake. Akanyamaza kidogo, kisha akaomba aurudie utenzi pale pale nje ya ukumbi. Safari hii alighani polepole zaidi, na mikono yake ilitulia.