Nguzo za daraja ardhi inapogeuka uji
Daraja la Showa mjini Niigata, Japani, lilikuwa na umri wa wiki chache tu tetemeko lilipotokea Juni 16, 1964. Sehemu zake tano zilitumbukia katika Mto Shinano.

Mchanga uliojaa maji unapotikiswa, chembe zake huachana, maji yaliyobanwa kati yake hubeba mzigo na ardhi hulegea mithili ya uji. Nguzo za msingi hukosa egemeo la ubavuni, huku udongo unaoporomoka kuelekea mtoni ukizisukuma.

Hata hivyo, walioshuhudia walisimulia kwamba daraja hilo lilianguka mtikiso mkali ulipokwisha kupungua. Ndipo baadhi ya wahandisi wakashikilia kuwa nguzo nyembamba huweza kupindwa na uzito wa daraja lenyewe. Kwao, unene wa nguzo una umuhimu sawa na kina chake.