Mali Bila Daftari: Kamati za Shule za Uganda na Hesabu Zao

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huu aghalabu huelekezwa kwa wafanyabiashara. Lakini mtu akiichunguza historia ya shule za msingi za Uganda ataona kuwa unawahusu walimu na wazazi vilevile. Katika makala haya nakusudia kueleza jinsi kamati za shule za nchi hiyo zilivyokabili mambo matatu yasiyotengana, nayo ni fedha, ongezeko la wanafunzi, na ikama ya walimu. Hoja yangu ni kwamba sheria peke yake haikuzipa kamati hizo nguvu. Nguvu zilikuja pale wajumbe walipofahamu ni fedha kiasi gani zimetengwa kwa ajili ya shule yao.

Yafaa kwanza tukumbuke asili ya shule zenyewe. Nyingi zilianzishwa na wamisionari wa Kiprotestanti na wa Kikatoliki, na nyingine na jumuiya za Waislamu. Serikali ya kikoloni haikuwa na Idara ya Elimu mpaka mwaka 1925, na hata baada ya hapo iliendelea kutoa ruzuku huku dini zikisimamia. Baada ya uhuru wa mwaka 1962 mambo yaligeuka. Tume iliyoongozwa na Profesa E. B. Castle ilitoa taarifa yake mwaka 1963, na katika miaka hiyo serikali ikachukua mamlaka ya shule zilizokuwa zikipokea ruzuku. Hata hivyo waanzilishi hawakuondolewa kabisa. Waliendelea kuwa na viti katika kamati za usimamizi pamoja na wawakilishi wa wazazi na wa serikali za mitaa. Hivyo kamati ya shule ya Uganda ilikuwa tangu hapo ni mahali wanapokutana watu wenye asili mbalimbali, kila mmoja akiwa na haki yake juu ya shule ileile.

Kisha ikaja miaka ya dhiki. Utawala wa Idi Amin, ulioanza mwaka 1971 na kuanguka mwaka 1979, uliuvuruga uchumi. Thamani ya shilingi ilishuka, mshahara wa mwalimu haukutosha kumlisha, na walimu wengi wakaondoka kwenda kutafuta riziki Kenya na kwingineko. Vita vilivyofuata havikuleta nafuu. Wazazi ndio waliozibeba shule katika kipindi hicho. Kwa njia ya vyama vya wazazi na walimu walichanga fedha za chaki na madaftari, wakajenga madarasa, na zaidi ya yote wakawaongezea walimu kitu juu ya mshahara ili wasiondoke. Hapo ndipo ulipozuka mgawanyiko ambao athari zake zilidumu: kamati ya shule ilikuwa na mamlaka ya kisheria, lakini mfuko ulikuwa mikononi mwa chama cha wazazi. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1990, zaidi ya nusu ya gharama za shule ya msingi ya kawaida ilitoka kwa wazazi. Aliyekuwa hana ada, mwanawe alibaki nyumbani.

Lakini je, ruzuku ya serikali ilikuwa wapi? Swali hili lilijibiwa mwaka 1996, serikali pamoja na Benki ya Dunia zilipofanya uchunguzi katika shule 250. Wachunguzi walilinganisha fedha zilizotoka Hazina kwa ajili ya matumizi ya shule, mbali na mishahara, na fedha zilizopokewa shuleni kati ya mwaka 1991 na 1995. Matokeo yaliwashangaza wengi. Kwa wastani, katika kila shilingi 100 zilizotolewa, ni shilingi 13 tu zilizofika. Shule nyingi hazikupata hata senti. Fedha zilikuwa zikibaki wilayani na kutumiwa kwa mambo mengine, wala hakuna aliyelalamika, kwa kuwa walimu wakuu na wazazi hawakujua kwamba zilikuwa haki yao.

Uchunguzi huo ulifichua pia jambo jingine lenye mafunzo. Hasara haikuwa sawa kila mahali. Shule kubwa, shule za jamii zenye uwezo, na shule zilizokuwa na walimu wengi wenye sifa zilipokonywa kidogo kuliko nyingine. Sababu yake si vigumu kuiona: hizo zilikuwa na watu wa kuuliza, kuandika barua, na kwenda ofisi ya wilaya kudai. Maskini waliochanga kwa shida ndio waliopata ruzuku ndogo zaidi.

Dawa iliyotumiwa ilikuwa nyepesi kwa sura. Serikali ilianza kutangaza katika magazeti kiasi cha fedha kilichopelekwa kila wilaya, na ikaagiza kwamba tangazo la fedha zilizopokewa libandikwe hadharani katika ofisi za wilaya na katika kila shule. Kufikia mwaka 2001 shule zilikuwa zikipokea karibu shilingi 80 katika kila 100. Ni kweli, baadhi ya wachunguzi wa baadaye wamekumbusha kwamba magazeti hayakufanya kazi hiyo peke yake, kwani katika miaka hiyohiyo utaratibu mzima wa kupeleka fedha wilayani ulibadilishwa na usimamizi ukakazwa. Onyo hilo ni la haki. Hata hivyo halibatilishi msingi wa jambo: mjumbe wa kamati asiyejua kilichotumwa hawezi kuuliza kwa nini hakikufika.

Mabadiliko hayo yalikuja kwa wakati, kwa maana mafuriko ya wanafunzi yalikuwa mlangoni. Rais Yoweri Museveni alikuwa ameahidi elimu ya msingi bila ada katika uchaguzi wa mwaka 1996, na mpango ukaanza Januari 1997, hapo mwanzo kwa watoto wanne wa kila familia. Wanafunzi, waliokuwa wapata milioni 3 mwaka 1996, walizidi milioni 5 mwaka uliofuata. Madarasa ya chini yalijaa hadi watoto wakasomea chini ya miti.

Ada ilipofutwa, chama cha wazazi kilipoteza mfuko wake, na kamati ya shule ikawa ndiyo inayotazamwa kuhusu ruzuku mpya. Kiwango kilichowekwa kilikuwa shilingi 5,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa darasa la 1 hadi la 3, na shilingi 8,100 kwa wa darasa la 4 hadi la 7. Tuchukue mfano wa shule yenye wanafunzi 350 katika madarasa ya chini na 250 katika madarasa ya juu. Haki yake kwa mwaka ni shilingi 1,750,000 na shilingi 2,025,000, jumla 3,775,000. Lau uvujaji wa miaka ya 1991 hadi 1995 ungaliendelea, shule hiyo ingalipata shilingi 490,750 tu. Hesabu hii inaweza kufanywa na mwanafunzi wa darasa la 6, lakini kwa miaka mingi haikufanywa na mtu yeyote, kwa kuwa kiwango chenyewe hakikutangazwa.

Kazi ya kamati basi ikawa kuyapitisha makadirio ya mapato na matumizi, na kuhakikisha kwamba fedha zinagawanywa kufuata mwongozo wa wizara, yaani vifaa vya kufundishia, michezo, na uendeshaji wa shule. Ugumu mmoja haukuonekana kwa haraka. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai, ilhali mwaka wa masomo huanza mapema mwaka wenyewe. Makadirio ya mwaka mmoja wa fedha hugusa miaka miwili ya masomo. Kamati isiyolizingatia jambo hilo hujikuta imeishiwa katikati ya muhula. Zaidi ya hayo, ruzuku ya kichwa haikutosha kujengea madarasa. Ndiyo sababu ruzuku ya pekee ya majengo ilianzishwa mwaka 1998.

Kuhusu walimu, kamati ilikuwa na mkono mfupi zaidi. Mwalimu wa shule ya msingi huajiriwa na tume ya utumishi ya wilaya, hulipwa na serikali kuu, na ikama ya shule hupangwa juu. Kamati huweza kutoa taarifa ya upungufu, kumwangalia mtoro, na kumtafutia mwalimu nyumba; kumwajiri haiwezi. Zamani wazazi waliziba pengo kwa michango yao. Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 ilikataza ada za lazima katika elimu hiyo isiyolipiwa, ikaacha nafasi ya michango ya hiari. Kwa hiyo taarifa sahihi ya upungufu, yenye tarakimu na iliyofika kabla makadirio hayajafungwa, ndiyo silaha iliyobaki.

Sisi walimu wa Kiswahili tuna fungu letu katika historia hii. Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya taifa nchini Uganda mwaka 1973, lakini tangazo hilo halikuandamana na walimu wala vitabu vya kutosha. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri liliamua kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Kila mara neno limetangulia na fedha zimechelewa. Somo lisilo na nafasi katika ikama wala fungu katika makadirio hubaki katika ratiba kama jina la mgeni aliyealikwa pasipo kutengewa kiti.

Basi, ndugu walimu, tusiziachie tarakimu watu wengine kwa kudhani kwamba kazi yetu ni ngeli na ushairi tu. Mwalimu na aujue mwaka wa fedha unaanza lini, na ayasome matangazo ya ubaoni. Maombi yake ya vitabu na ya mwalimu wa pili ayafikishe kwa maandishi mbele ya kamati, na pale wajumbe wasipozielewa hesabu, awaeleze kwa lugha wanayoielewa. Wazazi wa Uganda walichanga kwa miaka mingi bila kujua kwamba shule zao zilikuwa na haki ya ruzuku nyingine. Wasingekosa wa kuwauliza kama daftari lingalikuwa wazi mbele yao tangu mwanzo.