Mwendo wa Toyota: Oslo, Addis Ababa na Garissa

Prius, gari la haibridi linalotumia petroli na umeme, ilipoanza kuuzwa Japani mwaka 1997, Toyota iliwaacha wenzake mbali. Robo karne baadaye ikawa inalaumiwa kwa kujikokota: bZ4X, gari lake la umeme, ilitoka 2022, zaidi ya miaka kumi baada ya Leaf ya Nissan. Jibu la kampuni ni kwamba nchi hazifanani, basi na magari yasilazimishwe kufanana. Mashahidi wa jibu hilo wako wengi Garissa, kaskazini mashariki mwa Kenya.

Tazama Land Cruiser ya safu ya 70, iliyotoka 1984, ikiandaliwa kwenda Mandera. Madumu ya dizeli yamefungwa kamba, magurudumu ya akiba ni mawili, maji ni ya abiria na ya rejeta. Injini yake mafundi wa njiani wanaijua. Hapo gari linapimwa kwa jambo moja: likiharibika mchangani, litatengenezwa papo hapo?

Norway hupima vingine. Mwaka 2024, karibu magari tisa kati ya kumi mapya yaliyouzwa huko yalikuwa ya umeme. Serikali ilianza kuyaondolea kodi tangu miaka ya 1990, na wanunuzi hawakuisubiri Toyota. Tesla ilijaza pengo. Ethiopia, jirani ya Mandera, haikubembeleza mtu. Mwaka huohuo wa 2024 ilipiga marufuku kuingiza magari ya petroli na dizeli, kwa kuwa mafuta yalikuwa yakimeza fedha zake za kigeni ilhali mabwawa yake yanazalisha umeme. Mnunuzi wa Norway alivutwa, wa Ethiopia aliamriwa, lakini nchi zote mbili zina maji ya kuendesha mitambo ya umeme.

Garissa ina jua. Kituo chake cha megawati 54.6, kilichozinduliwa 2019, hupeleka umeme kwenye gridi ya taifa. Wajir na Mandera, hata hivyo, zimetegemea kwa miaka mingi jenereta za dizeli zilizo nje ya gridi. Ukichaji gari kwa jenereta kama hiyo, dizeli imehama tu kutoka kwenye tangi la gari hadi kwenye tangi la kituo.

Tena mnunuzi wetu haamuliwi na Toyota ya leo. Magari mengi hufika Mombasa yakiwa yametumika Japani, na sheria ya Kenya huyapa ukomo wa miaka minane. Probox ya Toyota, ile ya haibridi, ilianza kuuzwa Japani mwishoni mwa 2018. Kwetu huja kwa kuchelewa, bila tangazo wala fundi aliyefunzwa betri yake. Kusitasita kwa Toyota huongezwa miaka mingine njiani.

Kwa safari ya Mandera, naikubali subira ya Toyota. Kwa Probox inayozunguka siku nzima kati ya soko, hospitali na daraja la Tana, siikubali. Gari hilo hulala mjini, mji uko kwenye gridi, na masafa yake ya siku ni mafupi. Mnorwe au Mhabeshi angelibadilisha kwa la umeme bila kusita, na dereva wa Garissa anastahili kuletewa la umeme likiwa jipya, pamoja na spea zake na mtu wa kulitengeneza.