Nyuki wa Tanga, 1914: walikuwa upande wa nani?

Tarehe 4 Novemba 1914, jeshi la Waingereza lililotoka India lilisonga kuelekea mji wa Tanga likiwa na askari wapatao 8,000. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa na takriban 1,000 tu, wengi wao askari Waafrika. Kwa hesabu ya kawaida, mechi ilikuwa imeshaisha.

Haikuisha hivyo. Katikati ya milio ya risasi, makundi ya nyuki yalichafuka na kuwavamia askari, wengine wakatimua mbio. Kesho yake Waingereza walirudi melini, wakiacha bunduki na risasi kibao. Baadaye likazuka neno: eti Wajerumani walitega nyuki kwa nyaya! Mpaka leo wengine huyaita Mapigano ya Nyuki.

Shida ya hadithi hiyo ni moja: nyuki waliwauma Wajerumani pia. Sasa mtego gani huo?

Jibu lipo kwenye mwiba. Mwaka 1609 Mwingereza Charles Butler, mfugaji nyuki, aliandika kwamba ukiumwa mara moja uondoke haraka, maana harufu ya mwiba itawaita wengine. Ilichukua miaka zaidi ya 350 kulijua jina la harufu hiyo. Mwaka 1962 wanasayansi walitambua kemikali iitwayo isoamili asetati, inayonukia kama ndizi mbivu. Nyuki mmoja akiuma, mwiba unabaki kwenye ngozi na kuendelea kuitoa, hivyo aliyeumwa anageuka kuwa shabaha kwa wenzake. Risasi zikitikisa mzinga, wa kwanza akachoma, waliobaki hawaulizi umevaa sare gani.

Nyigu wa bustanini nao hawako mbali na hapo. Wengi wanaoishi kwa makundi hutoa harufu ya hatari pamoja na sumu yao. Tofauti ni kwamba mwiba wa nyigu kwa kawaida haung'oki, kwa hiyo mmoja anaweza kukuchoma mara kadhaa. Akiwa mbali na kiota, akitafuta viwavi au maji, mara nyingi hana habari na wewe. Ukitikisa tawi lenye kiota, hapo umejitangazia vita. Na ukimponda nyigu karibu na kiota, unaweza kuwa umewaita ndugu zake.

Kwa nini basi hadithi ya mtego ilidumu? Kwa sababu ilifunika mengine. Tarehe 2 Novemba nahodha wa manowari Fox aliwaarifu Wajerumani mjini kwamba makubaliano ya kutopigana yamevunjwa, nao wakapata muda wa kuleta askari kwa reli. Jenerali Aitken naye hakupeleleza eneo ipasavyo. Makosa hayo yana wenyewe, na yanauma. Kumsingizia nyuki ni rahisi zaidi: hajibu, na hana upande. Yeye alikuwa analinda mzinga wake tu.