Unga Juu ya Maua ya Mkorosho

Kila mwaka ifikapo Julai, mikorosho ya Newala inapochanua, mjomba wangu huamka alfajiri, hujifunga kitambaa puani, hujitwika mashine ya salfa mgongoni na kuingia shambani kabla upepo haujaanza. Akirudi, hata kope zake ni za manjano. Na kila mwaka, akinawa uso, hurudia maneno yale yale: babu alituulia urithi.

Babu huyo ni kaka wa bibi yangu mzaa mama. Kwetu Wamakonde mali ya mtu huenda kwa watoto wa dada yake, kwa hiyo shamba lile lilikuwa la mjomba tangu angali mtoto. Mwaka 1986 babu alikata mikorosho zaidi ya arobaini, akachoma mkaa, akapanda mihogo. Alifariki kabla sijazaliwa, na hakuna aliyewahi kumtetea. Nilipoanza shahada ya uzamili na kuchagua kusoma uhusiano wa kuvu na mimea, sikudhani ningekutana naye katika takwimu za korosho.

Msimu wa 1973/1974 Tanzania ilivuna tani 145,000 za korosho, nyingi zikitoka kusini: Mtwara, Newala, Masasi, Lindi. Msimu wa 1986/1987 zilipatikana tani 16,500 tu. Katikati ya takwimu hizo mbili serikali ilikopa fedha ikajenga viwanda vya kubangua, Newala na Masasi vikiwemo, na vingi vikabaki majengo matupu kwa kukosa korosho ghafi.

Ukimuuliza bibi, atakwambia ni ule unga. "Maua yalikuwa kama yamepakwa unga wa muhogo," aliniambia, "halafu yakawa meusi, yakapukutika. Mti umesimama, majani unayo, lakini hauzai." Wengine walisema ni mkono wa mtu. Wataalamu wa kilimo waliuita ubwiriunga, jina ambalo mkulima yeyote wa kusini analijua leo, na ulitambuliwa rasmi nchini mwaka 1979.

Lakini angalia miaka hiyo tena. Mavuno yalianza kushuka mara baada ya 1974, na ugonjwa ukatambuliwa 1979. Mchumi Frank Ellis, aliyechambua anguko hilo mwaka huohuo wa 1979, aliangalia bei ndogo aliyolipwa mkulima na Operesheni Vijiji. Bibi alikuwa na watoto watatu walipohamishiwa kijiji kipya. Shamba la zamani likawa mbali, mwendo wa asubuhi nzima. Nani angetembea hivyo kwenda kupalilia mikorosho ambayo bei yake haikununua hata khanga?

Kwa muda mrefu nilidhani lazima nichague, siasa au kuvu. Kilichonitoa hapo ni tabia ya kuvu yenyewe. Kuvu wengi wanaoshambulia majani huhitaji tone la maji ili vijimbegu vyao vichipue. Ubwiriunga hauhitaji. Hutosheka na unyevu wa hewa, usiku wa baridi na ukungu wa asubuhi, na Newala, iliyokaa ukingoni mwa uwanda wa juu, ina vyote hivyo mikorosho inapochanua. Hula tishu hai na changa pekee: majani teketeke, machipukizi, maua. Sasa fikiria shamba lililoachwa. Matawi yanashikana, jua haliingii, na chini ya miti korosho zilizodondoka zinaota zenyewe, zikitoa majani mapya hata maua yasipokuwepo. Kuvu inapata kivuli, unyevu na chakula hadi msimu unaofuata. Operesheni haikuleta ugonjwa. Iliuandalia nyumba.

Jina lake la kisayansi nalo lina safari. Mwaka 1898 ilielezwa kutoka Brazil, asili ya mkorosho, ikaitwa Oidium anacardii. Vipimo vya DNA vya karibuni vimeihusisha na Erysiphe quercicola, ambayo hushambulia pia mwembe na mpira. Quercicola maana yake mkazi wa mwaloni, mti ambao bibi yangu hajawahi kuuona.

Salfa ndiyo iliyorudisha korosho. Watafiti wa Naliendele, Mtwara, walihimiza kuipuliza, kupunguza matawi na kupanda kwa nafasi, na msimu wa 2017/2018 nchi ilivuka tani 300,000. Ada yangu yote, tangu sekondari, imetoka hapo. Kwa hiyo naandika yanayofuata kwa woga kidogo.

Salfa ikianguka ardhini hugeuzwa na bakteria kuwa tindikali. Amos Majule na wenzake walichunguza jambo hili kusini miaka ya 1990, na udongo wetu wa kichanga hauna nguvu kubwa ya kulihimili. Humo ardhini kuna kuvu nyingine. Ukipita Masasi wakati wa mvua utaona uyoga wa miombo ukiuzwa barabarani. Sehemu yake hutoka kwa kuvu waliofunika mizizi ya miti, wakiipa fosforasi na kupokea sukari. Peter Högberg alichapisha mwaka 1982 orodha ya miti ya Tanzania yenye ushirika wa namna hiyo. Mkorosho una washirika wa aina tofauti, wanaoingia ndani ya mzizi na wasiotoa uyoga, hivyo hakuna anayewaona. Miaka thelathini ya salfa imewafanya nini? Ndilo swali la utafiti wangu.

Nilimweleza mjomba mwezi Julai uliopita, nikiwa nimeshika mfuko wa udongo wa shambani kwake.

"Kwa hiyo nisipulizie?"

"Sijasema hivyo, mjomba."

"Nisipopulizia, ada utalipa wewe?"

Sikuwa na jibu. Nikambadilishia mada, nikamsomea takwimu za mwaka babu aliokata miti: tani 16,500 nchi nzima. Aliniomba nirudie. Kisha akanyamaza, akaenda mpaka ilipo miche yake mipya, akaanza kuhesabu hatua toka mche mmoja hadi mwingine. Mita kumi na mbili, kama walivyoelekezwa.

"Ya babu ilikuwa imebanana sana," alisema. "Hata mchana kulikuwa giza mle."