Fimbo ya Makaburu Darasani

Wapo makada wanaoeleza kuwa mabavu katika shule za Afrika Kusini ni utovu wa nidhamu wa vijana tu. Historia inakataa. Elimu ya Kibantu, iliyotungiwa sheria mwaka 1953, ilikusudia kumwandaa Mwafrika awe kibarua mtiifu, na fimbo ilikuwa chombo chake. Wanafunzi wa Soweto walipokataa kufundishwa kwa lugha ya makaburu, tarehe 16 Juni 1976, walijibiwa kwa risasi.

Viboko vilipigwa marufuku mwaka 1996. Baadhi ya shule binafsi za Kikristo zilidai mahakamani ziruhusiwe kuchapa (ajabu kweli!), zikashindwa mwaka 2000. Hata hivyo wapo walimu wanaochapa hadi leo. Wengi walilelewa kwa fimbo ile ile. Sheria iliwanyang'anya kabla hawajafundishwa njia nyingine ya kuongoza darasa lililofurika.