Wazee Wetu na Kuchagua Mwalimu

Katika miji ya pwani yetu, tangu Lamu na Mombasa hata Unguja na Ngazija, kijana aliyekwisha khitimu Kurani na kutamani kuzidi katika ilimu aliuliza kwanza ni nani asomeshaye, na huyo asomeshaye naye alisoma kwa nani. Kwani ilimu ilipokewa kwa sanadi, mwanafunzi kwa mwalimu, na ijaza aliyopewa mtu na sheikh wake ndiyo iliyokuwa shahada yake mbele ya watu.

Sheikh Abdallah Bakathir, aliyezaliwa Lamu karibu na mwaka 1860, hakutosheka na maulamaa wa mji wake, ingawa walikuwa wengi na wenye sifa, bali alifunga safari hata Makka na Hadhramaut, na huko Unguja akashikamana na Sayyid Ahmad bin Sumait, aliyekuwa kadhi, na ambaye walikaribiana mno kwa umri. Kukaa mbele ya mtu wa rika lako na kumsomea kwa adabu si jambo jepesi, nami naona hapo ndipo ubora wa uchaguzi wake ulipo: alitazama ilimu, hakutazama umri. Baadaye yeye mwenyewe alisomesha Ukutani, huko huko Unguja, na wanafunzi wakamwendea kutoka mbali kama alivyowaendea wengine. Yeye na Sayyid Ahmad wote wawili walifariki mwaka 1925.

Huko Lamu nako, Habib Saleh, sharifu aliyetoka Ngazija, alisomesha kila aliyekuja, hata wale waliozaliwa katika utumwa na wazao wao, jambo ambalo waungwana wengi wa mji hawakulipenda; na Msikiti wa Riyadha alioujenga ukawa kimbilio la vijana ambao penginepo wangalisimama nje ya mlango. Kwa maskini hao, swali la chuo gani bora lilikuwa na jawabu moja, nalo ni chuo kitakachowapokea.

Darsa yenyewe ilikuwa na namna ya kumpima mwalimu ambayo leo twaikosa. Baina ya magharibi na isha watu waliketi duara juu ya mkeka, kitabu juu ya marufaa, mwanafunzi mmoja akisoma matni ya fikihi, labda Minhaj ya Nawawi, na sheikh akifasiri jumla baada ya jumla. Msomaji akikosea irabu moja alirudishwa papo hapo, na mgeni aliyeketi nyuma aliweza kusikia kwa masikio yake kama sheikh ana subira, kama hueleza au hukariri tu, na kama huruhusu kuulizwa. Asiporidhika, alikwenda msikiti mwingine. Wasichana, lakini, aghalabu hawakufika katika duara hizo. Waliosoma walisoma majumbani, na hiyo ni hasara ambayo sifa za zamani hazipaswi kuifunika.

Kisha zikaja zama nyingine. Makerere ilianza mwaka 1922 kwa mafunzo ya ufundi, na ilipofika 1949 ikawa chuo kikuu kishiriki kilichotoa shahada za London, na vijana wengi wa nchi zetu walielekea huko kwa njia ya mtihani, hata ikawa chuo ndicho kinachomchagua mwanafunzi. Mwaka 1961 masomo ya sheria yakaanza Dar es Salaam, katika jengo la chama cha TANU. Na kuanzia 1963, chini ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, aliyetaka utabibu alikwenda Makerere, uhandisi Nairobi, na sheria Dar es Salaam, mpaka chuo hicho cha pamoja kilipovunjwa mwaka 1970 na kila nchi ikabaki na chuo chake. Kwa miaka hiyo fani ndiyo iliyoamua mji, na mwalimu akawa mtu wa kukutwa baada ya kufika.

Leo vyuo ni vingi na kijana ana nafasi ya kuchagua tena. Basi, ewe mwanafunzi, na wewe mzazi utakayelipa karo, kabla hamjaweka fedha benki nendeni hapo chuoni siku ya masomo, ombeni ruhusa ya kuketi nyuma ya darasa, waulizeni wanaosoma mwaka wa pili jinsi wanavyosomeshwa na kama mwalimu huonekana, na waulizeni waliokwisha kuhitimu wanafanya kazi gani sasa.